Sista na Wagonjwa Waliopona

Hakuwa mtawa. Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi, na kwetu muuguzi wa kike hubaki Sista hata akistaafu, hata akiwa amesimama katikati ya mahindi yake na buti za mvua na jembe begani. Mtaa wetu wa Lyamkena, hapa Makambako, ulimjua kwa jina hilo tu. Marehemu mume wake naye alimwita hivyo hivyo. "Sista, chai," angesema kutoka kibarazani, na yeye angemjibu kwamba chai iko pale pale ilipokuwa jana.

Mimi nilimjua mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika wodi ya wanawake ya hospitali moja mjini Njombe, mama yangu alipolazwa na mimi nikawa namuuguza. Nilimjua kama unavyomjua askari aliyekusimamisha barabarani: sura, sauti, na namna ya kukutazama juu ya miwani. Mara ya pili alikuwa amestaafu, akahamia Makambako na kujenga ubavuni mwa nyumba yangu, tukawa majirani kwa miaka tisa. Nilimpenda. Naona niliseme hilo mapema, maana baadhi ya nitakayoyaeleza yanaweza kukufanya ufikiri sikumpenda. Lakini katika miaka yote tisa nilikuwa na swali moja ambalo sikuthubutu kumwuliza: kwa nini mama yangu, aliyeambiwa na daktari siku ya Alhamisi kwamba amepona aende nyumbani, alitoka hospitalini Jumapili.

Kama hujawahi kulazwa wala kumuuguza mtu wodini, ngoja nikueleze. Si jambo gumu. Asubuhi daktari hupita kitanda kwa kitanda, hiyo ndiyo raundi. Akiona umepona anakuambia, mama, leo unaenda nyumbani. Unafurahi, unakunja shuka lako, unavaa viatu. Kumbe kuambiwa ni jambo moja na kuruhusiwa ni jambo jingine. Daktari lazima asaini faili, faili limfikie muuguzi wa zamu, muuguzi aandike karatasi ya ruhusa. Karatasi hiyo ndiyo utakayochukulia dawa za kwenda nazo, na ndiyo utakayomwonyesha mlinzi getini. Bila karatasi mlinzi hafungui. Nimewahi kumwona baba mmoja mrefu, mzima kabisa, ameshika kofia mkononi, akirudishwa wodini kama mwanafunzi aliyekamatwa akitoroka. Basi kati ya neno la daktari na karatasi kuna muda, na muda huo hakuna anayejua urefu wake. Unaweza kuwa wa saa mbili. Kwa mama yangu ulikuwa wa siku tatu.

Ijumaa ile asubuhi nilipigiwa simu kutoka Mlangali. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amezidiwa. Ndiye aliyemlea mama baada ya wazazi wao kufariki, na walioniarifu walisema alikuwa akimwita mama kwa jina la utotoni, jina ambalo hata sisi watoto hatukuwa tukilijua. Nikaenda kwenye meza ya Sista. Nilimweleza yote, polepole, kama ninavyomweleza mzazi aliyekuja shuleni. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Daktari hajasaini." Nilirudi saa sita, nikarudi tena jioni. Jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ile ile, naye hakuwa na hasira wala huruma.

Jumamosi mama mkubwa akafariki. Jumapili alasiri Sista alileta karatasi. Jumatatu tulipofika Mlangali jeneza lilikuwa limeshatolewa uani, na mama akafunuliwa uso wa dada yake mara moja tu, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na wachungaji wana ibada nyingine. Mama hakumlaumu mtu yeyote. Alisema faili lilichelewa, basi, mafaili huchelewa. Swali nilibaki nalo mimi.

Sasa nimweleze yeye.

Mtu wa Lyamkena hakuwa anaenda hospitali kabla hajapita kwa Sista. Si kwa ajili ya dawa, dawa hakutoa. Alisema amestaafu na hataki kufungwa uzeeni. Walikwenda kufundishwa namna ya kuwa mgonjwa. Alikuwa na kigoda kifupi jikoni, unakaa hapo, yeye anaendelea kumenya viazi, anakuuliza unasumbuliwa na nini. Watu wetu, wewe unawajua, huanzia mbali. Mmoja angeanza na msiba wa Kifanya alikonyeshewa, na gari lililokwama, na shemeji aliyekataa kuwapokea. Sista angeinua kisu. "Panapouma kwanza. Msiba baadaye." Akikuachia uondoke, unaweza kumweleza daktari ugonjwa wako kwa sentensi tatu, na sentensi ya kwanza ndiyo yenye kazi.

Alikufundisha na mengine. Usiende Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ni ya wote walioumia tangu Ijumaa. Beba chupa ya chai na kanga ya kukalia, maana mabenchi ya koridoni ni ya baridi, na ukungu wa Njombe huingia ndani kama mwenye nyumba. Uliza jina la muuguzi na umwite kwa hilo jina. Kama umekunywa miti shamba na hujaulizwa, nyamaza; ukiulizwa, usidanganye hata kidogo. Na umsalimie mtu kabla ya kumwonyesha kidonda chako, hata kama kinatoka damu, kwa sababu muuguzi naye ni mtoto wa watu.

Hilo la salamu lilituletea kicheko cha mwaka mzima. Kulikuwa na mzee mmoja wa huku kwetu, mtu wa heshima sana, aliyelishika somo hilo kuliko mengine yote. Alifika dirishani akaanza "Kamwene", akaitikiwa. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za mahindi, za ng'ombe, za wazazi wa muuguzi kule walikotoka. Muuguzi alikuwa binti mwenye adabu, kila swali alijibu. Waliokuwa nyuma ya mzee walihamia dirisha la pili, wakahudumiwa, wakaondoka. Alipomaliza salamu, dirisha likafungwa kwa chakula cha mchana. Alirudi Makambako hajatibiwa, akapita moja kwa moja kwa Sista kushtaki. Sista alimsikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kitenge, kisha akamwambia wakati mwingine aache ng'ombe nje.

Nimeanza na hayo ili ujue kwamba alikuwa mwema. Kuna walioenda hospitali kwa hofu na kurudi salama kwa sababu ya kile kigoda, nami nikiwa mmojawapo. Alinishika mkono mwaka niliofanyiwa upasuaji wa uvimbe. Alinieleza kila chumba nitakachopita, nani atanigusa wapi, nitasikia nini nikizinduka. Nilipozinduka nikayasikia hayo hayo, nikatulia. Mtu akikueleza kitakachokupata, nusu ya maumivu anakuwa amekuondolea. Ndiyo kazi yangu na mimi darasani, na ninakiri kwamba sehemu kubwa ya kuifanya vizuri niliiona kwake.

Lakini ulimi wake wa wodini alikuwa amehama nao. Siku moja tulikuwa sokoni Makambako, tunachagua nyanya. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo. Alimtazama Sista, akaacha kupima, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Wewe ndiye uliyeniambia nifunge mdomo, mtoto wangu amefariki na mimi nalia." Wanunuzi wa pembeni wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Sista hakugeuka kuondoka. Alimwuliza ilikuwa kitanda gani, upande wa dirisha au wa mlango. Mwanamke akasema wa dirisha. Sista akasema, "Ulikuwa na mshono wa siku moja. Kila ulipolia ulikuwa unafunguka. Ningekuacha ulie tungewazika wawili." Akalipa nyanya zake. Tulirudi mpaka relini, tukasimama kupisha treni ya mizigo. Hapo ndipo aliposema, bila kunitazama, kwamba angeweza kumwambia vile vile kwa upole, maneno ni yale yale, na kwamba siku ile alikuwa amechoka. Kisha treni ikaisha, tukavuka.

Kitu kingine: hakuweza kusubiri. Mimi niliona ajabu, lakini ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyewaweka wengine kwenye benchi miaka thelathini, yeye mwenyewe hakukaa kwenye benchi dakika kumi. Mashine ya kusaga ikiwa na foleni, anaacha debe lake la mahindi chini na kurudi nyumbani, utamsagia wewe. Ibada ikichelewa kuanza, anatoka nje ya kanisa, anatembea mara tatu kulizunguka, anarudi, na kama bado mchungaji hajafika anakwenda zake kupalilia. Wazee wa kanisa walimsema. Aliwajibu kwamba Mungu ana saa, wao ndio hawana.

Na tulipopeleka wagonjwa hospitali pamoja naye, hakufuata foleni aliyotufundisha tufuate. Jirani yetu dereva wa lori alipovunjika mguu pale njia panda, Sista alitangulia naye. Nilimwona kwa macho yangu akipita mbele ya watu waliokuwa wamekaa tangu alfajiri, wengine na watoto wa homa mgongoni, akisukuma kiti cha magurudumu na kusema "Samahani, samahani" kwa ile sauti isiyoomba samahani. Mlango ukafunguliwa. Mguu wa dereva ulipona vizuri, anaendesha mpaka leo. Mama mmoja kwenye benchi alisonya. Nilimwangalia yule mama, nikaona mahali nilipokuwa nimekaa mimi miaka ile, nikainamisha kichwa.

Mama yangu, kule kijijini kwake Kifanya, alikuwa na Sista mwingine kabisa. Kwake yeye Sista alikuwa muuguzi aliyemwamini. Zile siku tatu ambazo mimi nilizihesabu kama jela, mama alizisimulia kwa majirani kama mtu anayesimulia kazi aliyowahi kuajiriwa. Ni kweli alifanya kazi. Alikuwa amepona, ana nguvu, ameshavaa viatu, na hawezi kukaa akitazama. Alizunguka vitandani na kikombe cha maji. Aliwageuza wanawake wawili waliokuwa wametoka chumba cha upasuaji, aliangalia dripu zao, na ikikaribia kuisha anakwenda kuita. "Sista aliniachia wodi," alikuwa akisema, na uso unang'aa. Niliposikia Sista amehamia jirani yangu nikamwambia mama, na tangu hapo kila msimu wa mavuno alinituma nimpelekee maharage, yale ya rangi ya maziwa, yaliyopepetwa mara mbili.

Sista aliyapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akanituma nimsalimie mama. Kisha kesho yake ningeyaona maharage hayo kwa jirani wa nyuma, au yamepelekwa kanisani kwenye mavuno, au amepewa fundi aliyekuja kuziba bati. Hakuna hata msimu mmoja nilioyaona jikoni kwake. Nilidhani ni kiburi cha watu wa mjini. Sikumwambia mama.

Utauliza kwa nini sikumwuliza Sista swali langu, miaka tisa, uzio mmoja, tunapeana chumvi. Nilijaribu. Siku moja tulikuwa tunapukuchua mahindi kwake, nikaanza kusema kwamba mama yangu naye aliwahi kulazwa pale Njombe. Alisema, "Najua," akainuka, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni. Alirudi akianza habari za mbolea. Nikaelewa kwamba mlango huo una mtu nyuma yake ameuegemea. Nami nilimhitaji. Alikuwa jirani yangu, na watoto wangu walimwita bibi. Ukiishi na mtu hivyo, swali unalibeba kama jiwe ndani ya kiatu; unajifunza kutembea nalo.

Mwaka jana, mwezi wa saba, baridi ilipozidi, Sista alishikwa na kichomi. Mkwe wake alimpeleka Njombe, akalazwa katika hospitali ile ile na wodi ile ile. Ilinichukua siku kadhaa kupata nafasi kwa sababu shule zilikuwa na mitihani. Nilikwenda Ijumaa, nikafika muda wa mchana wa kuona wagonjwa, nikiwa na uji kwenye chupa.

Kitandani kwake hakuwepo. Shuka lilikuwa limekunjwa na mkoba umefungwa tayari chini ya kitanda. Nilimwona kitanda cha tatu kutoka mlangoni, amevaa sweta na viatu, amemwinua kichwa bibi mmoja mkongwe na kumnywesha maji kwa kikombe cha plastiki. Aliniona, akanionyesha kwa kidevu nivute kiti, kama vile nimemtembelea nyumbani.

Nikamwuliza daktari anasemaje. Akasema amepona tangu Jumanne, daktari alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe aende nyumbani. Nikamwuliza, na karatasi? Akacheka mpaka kifua kikamkumbusha kwamba kilikuwa kinaumwa.

"Wamenichagua, Mwalimu."

Sikuelewa. Basi akanieleza, kwa ile sauti yake ya kigodani, huku akiendelea kumpa bibi maji. Kitanda cha wodi hakikai wazi hata saa moja. Ukimruhusu aliyepona, mahali pake analetwa mtu anayehema kwa shida, au aliyetoka kupasuliwa, na wewe uko peke yako kwenye zamu na vitanda thelathini. Aliyepona akiendelea kukaa, kitanda chake hakikupi kazi. Na kama ana mikono mizuri, anakuwa mikono yako. Anashika kikombe, anaangalia dripu, anakuita mtu akibadilika. Kwa hiyo kila muuguzi mkongwe alikuwa anajua kwamba siku za mwisho wa juma zikikaribia hutoi wote waliopona. Unamwacha mmoja. Hakuna mahali palipoandikwa, na hakuna aliyemfundisha mwenzake kwa mdomo. Walifundishana kwa kutazamana.

"Huchagui mlalamishi," akasema. "Huchagui mwenye ndugu wakali. Unachagua yule anayeamka mwenyewe kumfunika mwenzake shuka."

Nilijua nimeshajibiwa. Hata hivyo nilitaka kulisikia likitoka.

"Na mama yangu?"

Alikilaza kichwa cha bibi kwenye mto, taratibu, akaweka kikombe juu ya kabati.

"Nilikutambua siku ya kwanza," akasema. "Ulipokuja kunikaribisha na kuku. Nimekaa nikisubiri uniulize, na kila ukitaka kuniuliza nakimbia."

"Daktari alikuwa amesaini?"

"Alhamisi, kabla hajatoka wodini. Karatasi niliiandika mwenyewe saa nne asubuhi." Akagusa sweta lake ubavuni, mahali ambapo gauni la kazi lina mfuko. "Ulipokuja kuniambia habari ya Mlangali, ilikuwa hapa."

Nililitazama sweta hilo. Akaendelea yeye. Mwenzake wa zamu alikuwa amekwenda msibani Makete. Wanawake wawili walikuwa wamepasuliwa Alhamisi ile ile, na mmoja wao usiku wa Ijumaa alianza kuvuja damu chini ya shuka bila mwenyewe kujua. Aliyeona ni mama yangu. Alimkimbilia Sista bila viatu. Wale wanawake, akasema, walitoka getini kwa miguu yao wote wawili, na mmoja hadi leo ana duka.

Nikamwambia angemwomba. Nilisema kwa sauti ndogo kwa sababu ya wagonjwa. "Ungemwomba, Sista. Ungemweleza kama unavyonieleza mimi sasa. Angekaa."

"Ukimwomba mtu, anaweza kukataa," akasema. "Sikuwa na nafasi ya mtu kukataa."

Nisikufiche, nilisubiri aniombe radhi. Nilikuwa nimekaa na nafasi ya hilo neno miaka yote ile, nimeifagia, nimeiwekea na mkeka. Halikuja. Badala yake alianza kueleza habari ya Jumapili. Mjukuu wake, yule aliyemlea tangu anyonye, alikuwa anapata kipaimara. Gauni lilikuwa limeshashonwa. Yeye ndiye aliyemfundisha katekisimu jikoni, swali kwa jibu, na mtoto alisema hatapanda mbele bibi asipokuwepo. Aliniomba niende kwa muuguzi nikaiulizie karatasi yake. "Wewe ni mwalimu. Mtu anapata shida kumdanganya mwalimu."

Nikaenda. Nilikwenda nikiwa na hasira ambayo haikuwa ya yule niliyekuwa namwendea. Muuguzi alikuwa binti mdogo, anakula mkate akiwa amesimama, kalamu sikioni, macho mekundu. Nilimsalimia kwanza, kama nilivyofundishwa. Kisha nikamtaja Sista na nikauliza karatasi ya ruhusa.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba daktari hajasaini. Hakusema hivyo. Aliweka mkate chini, akavuta karatasi kutoka chini ya rundo la mafaili, akanipa.

"Hii hapa, mama. Ilisainiwa Jumanne." Akafuta mikono kwenye gauni. "Niko peke yangu mpaka Jumapili jioni. Yule bibi wa kitanda cha tatu hanywi maji kwa mkono wangu, anakunywa kwa mkono wake yeye tu. Nilitaka kumwomba akae, nikaona aibu, ni mkubwa wangu wa kazi. Naomba mumwombe nyinyi. Akikataa mpeni, aende."

Kutoka meza ile mpaka kitandani kwa Sista ni hatua kama ishirini. Nilizitembea polepole. Karatasi yenyewe ni nyepesi sana, robo ya ukurasa, muhuri wake umekaa upande. Nilikuwa nimevaa sweta lenye mifuko. Nakueleza hili kwa sababu nimekuwa nikikueleza mambo yote: nilisimama katikati ya wodi, mkono wangu ukaingia mfukoni pamoja na karatasi, na ukakaa humo kwa muda. Nilimfikiria mtoto na gauni lake. Nilimfikiria mama yangu akishuka kwenye gari Mlangali, viatu vimejaa tope. Kisha nikautoa.

Nilimpa Sista karatasi, na nikamwambia neno kwa neno alivyosema yule binti. Sikupunguza wala sikuongeza. Nilimwambia yuko peke yake mpaka Jumapili jioni, na kwamba anamwomba.

Aliisoma kama muuguzi anavyosoma: tarehe, saini, muhuri. Akaikunja mara mbili. Akainama, akavuta mkoba chini ya kitanda, akajifunga kitambaa kichwani.

"Na ombi lake?" nikauliza.

"Nimelisikia." Alikuwa anafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, na hakunitazama. "Si nilikuambia? Ukimwomba mtu, anaweza kukataa."

Kutoka kitanda cha tatu yule bibi akasema, "Sista, maji."

Alisimama. Kwa kitambo kidogo nilidhani ataweka mkoba chini. Alikwenda akachukua kikombe juu ya kabati la bibi, akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake.

"Kidogo kidogo, asipaliwe. Mwinue kichwa kwanza. Mimi natangulia stendi."

Akatoka. Nilivisikia viatu vyake koridoni, mtu aliyetoka kuumwa kichomi akitembea haraka vile, mpaka vikaishia kwenye ngazi.

Nilikaa kwenye kiti. Nilimwinua bibi kichwa. Kilikuwa chepesi na cha moto. Alinitazama, akatazama mlangoni, akatazama tena kikombe, kisha akafungua mdomo. Saa nane kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ikagongwa, na wageni wakaanza kukusanya mabakuli yao na kuaga. Yule binti alipita akiwahimiza mmoja mmoja watoke. Alipofika kwangu aliniona na kikombe, akasita, akaendelea na kitanda cha nne bila kuniambia nitoke.